Kutembelea Jiji Kubwa Likizoni na Rafiki: Mwongozo Kamili

Jiji kubwa halimalizwi. Chukua jumba la makumbusho la Louvre pale Paris: kazi za sanaa zilizowekwa wazi kwa wageni ni kama 35,000. Ukiamua kuitazama kila moja kwa nusu dakika tu, bila kula wala kukaa, utatumia zaidi ya saa 290. Hata ukiingia kila siku kwa saa nane, mwezi utaisha hujamaliza. Na hilo ni jumba moja katika jiji moja. Kwa hiyo watu wawili wanaokwenda likizo mjini wana kazi moja kubwa kuliko zote, nayo ni kukubaliana wataacha nini.

Mwongozo huu unafuata safari tangu mkiwa nyumbani hadi mnapofunga mabegi kurudi. Kuna mambo nitayapitia haraka kwa sababu kila msafiri anayajua. Nitakaa zaidi kwenye fedha, kwenye mwendo wa kila mmoja, na kwenye kuachana kwa saa chache, maana hapo ndipo safari nyingi za marafiki huharibikia.

Hatua ya 1: Kila mmoja aandike peke yake

Kabla ya kununua tiketi, kila mmoja achukue karatasi na aandike orodha tatu akiwa peke yake. Ya kwanza ni vitu viwili au vitatu ambavyo asipoviona atajuta. Ya pili ni vitu ambavyo angependa kuviona nafasi ikipatikana. Ya tatu ni vitu asivyovitaka kabisa, na hii ndiyo orodha ambayo watu huiruka. Rafiki yako huenda haogopi kukuambia anapenda majengo ya kale, lakini atasita kukwambia kwamba hapendi kukaa kwenye maduka kwa saa tatu.

Chini ya orodha hizo ajibu maswali manne. Ukiwa likizo unaamka saa ngapi? Unaweza kutembea kwa miguu kwa muda gani kabla hujaanza kukasirika? Unahitaji kukaa peke yako kila siku, au hapana? Na kiasi gani cha fedha unaweza kutumia kwa siku bila kuingia kwenye deni?

Nasisitiza kila mmoja aandike kivyake kwa sababu mkikaa pamoja tangu mwanzo, mwenye maneno mengi atapendekeza na mpole ataitikia. Siku ya tatu mpole anaanza kununa, na hata mwenyewe hajui sawasawa kinachomkera. Karatasi mbili zikiwekwa sambamba mezani husema yale ambayo adabu ingeyaficha.

Sasa linganisheni. Mnavyovitaka wote viingie kwenye ratiba moja kwa moja. Cha lazima cha mmoja kiingie pia, hata kama mwenzake hakimvutii. Mwenzake anaweza kuandamana naye au kwenda kwingine kwa muda huo. Vilivyobaki vyote ni vya akiba. Msivipe siku wala saa.

Hatua ya 2: Mfuko wa pamoja

Marafiki wengi hulipiana kwa zamu: leo wewe, kesho mimi. Kwa chakula cha jioni moja haina shida. Kwa juma zima inaleta hesabu za kimyakimya, kila mmoja akikumbuka vizuri zaidi alicholipa yeye.

Njia iliyo safi ni mfuko wa pamoja. Asubuhi ya kwanza kila mmoja atie kiasi kilekile kwenye pochi ndogo ya tatu ambayo si ya mtu yeyote. Nauli, tiketi za kuingilia mahali mnapokwenda wote, na chakula mnachokula pamoja vilipiwe humo. Zawadi, nguo na kinywaji cha ziada kila mtu ajilipie. Pochi ikibaki na robo ya kiasi mlichoanza nacho, tieni tena sawa kwa sawa. Kama mnalipa kwa kadi au simu, fungueni ukurasa mmoja wa kumbukumbu mnaouona wote wawili na mwandike palepale dukani, kabla risiti haijapotea.

Kipato chenu kikitofautiana, bajeti ifuate aliye na kidogo. Mwenye nacho anaweza kumkirimu mwenzake mara moja moja, na ni jambo zuri, lakini asipandishe kiwango cha safari nzima kisha amwache mwenzake akihangaika kukifikia. Hili ni jambo la heshima, na linastahili kusemwa waziwazi kabla ya kuweka nafasi ya hoteli.

Mkiwa nchi ya kigeni, mashine ya kadi inaweza kuuliza kama ulipie kwa sarafu ya pale au kwa sarafu ya kwenu. Chagua ya pale. Ukichagua ya kwenu, anayebadilisha fedha ni mwenye mashine, na kiwango chake kwa kawaida kinakuumiza. Ukitoa fedha taslimu, tumia mashine iliyo kwenye tawi la benki badala ya zile zinazosimama peke yake kwenye mitaa ya watalii. Na kadi zenu zote zisikae kwenye mkoba mmoja hata siku moja.

Hatua ya 3: Siku, saa na kitanda

Angalieni siku za kufungwa kabla ya kupanga chochote. Louvre hufungwa Jumanne, na jumba la sanaa la Musée d'Orsay lililo ng'ambo ya mto hufungwa Jumatatu. Soko kuu la kale lililofunikwa paa pale Istanbul hufungwa Jumapili. Mwenye siku tatu tu jijini akikosea hapa, kitu alichokisafiria anakitazama kupitia geti.

Tiketi zenye saa maalumu ndizo zinazoamua ratiba, kwa hiyo zitangulie. Nyumba ya Anne Frank mjini Amsterdam, ambayo sasa ni makumbusho, huuza tiketi mtandaoni peke yake, na hutolewa kila Jumanne kwa ajili ya ziara za wiki sita mbele. Mnaponunua tiketi ya namna hii, ijengeeni siku nzima. Msiipachike katikati ya siku iliyokwisha jaa. Vilevile tazameni saa za bure. Jumba la sanaa la Prado mjini Madrid huruhusu watu kuingia bila malipo katika saa mbili za mwisho za siku, na kwa watu wawili wenye bajeti ndogo hiyo ni nafuu ya kweli, ingawa foleni huwa ndefu.

Kuhusu kulala, mimi hutazama kituo cha usafiri kabla ya kutazama picha za chumba. Hoteli iwe mwendo usiozidi dakika kumi kwa miguu kutoka kituo chenye njia zaidi ya moja, na barabara ya kufikia hapo iwe na taa na watu usiku. Chumba cha bei ya chini kilicho mbali kinaweza kuwagharimu saa mbili kila siku na nauli juu yake. Chukueni vitanda viwili. Na ulizaneni mapema kuhusu kukoroma, mwanga na kiyoyozi.

Hatua ya 4: Lisomeni umbo la jiji, kisha likateni vipande

Kila jiji kubwa lina umbo, na ukilijua hupotei ovyo. Mengine yamepangwa kwa mistari. Manhattan pale New York, sehemu kubwa ya mitaa yake ilichorwa kwa mpango wa mwaka 1811, na ukitembea kuelekea kaskazini au kusini, mitaa 20 ya namba ni kama kilomita moja na nusu. Paris imegawanywa katika wilaya 20 zinazozunguka kutoka katikati kama konokono, kwa hiyo namba ndogo humaanisha uko karibu na moyo wa jiji. Tokyo ina treni ya Yamanote inayozunguka katikati ya jiji, vituo 30 kwa takriban saa moja, na mgeni akijua sehemu fulani iko upande gani wa duara hilo, tayari ana dira. Palipo na mto, jueni mko ukingo gani.

Fungueni ramani na mtie alama kwenye kila kitu kilicho katika orodha zenu. Mtaona alama zinajikusanya zenyewe: tano hapa, tatu kule, moja iko peke yake mbali. Kila kundi ni nusu siku. Alama iliyo peke yake iulizeni kama inastahili safari yake. Hivi ndivyo ratiba nzuri inavyozaliwa, kwa mitaa inayopakana, na mtashangaa muda mnaouokoa mkiacha kuvuka jiji mara nne kwa siku.

Msiiamini sana ramani ya treni za chini ya ardhi linapokuja suala la umbali. Ile ya London, kwa mtindo uliochorwa na Harry Beck na kutolewa mwaka 1933, ilinyoosha njia ili zisomeke kwa urahisi. Umbali halisi haukuwa hoja yake. Kutoka Leicester Square hadi Covent Garden ni chini ya mita 300. Kushuka ngazi, kusubiri treni na kupanda tena kunachukua muda mrefu kuliko kutembea juu.

Pakueni ramani ya jiji kwenye simu zote mbili ili isomeke bila intaneti.

Hatua ya 5: Siku ya kwanza, jifunzeni usafiri

Siku ya kuwasili msiipangie makumbusho. Mmechoka, mabegi yamewachosha zaidi, na akili haishiki kitu. Kazi ya siku hiyo iwe mbili tu: kupata nauli ya siku zote, na kuliona jiji kwa upana.

Mambo ya nauli ni madogo lakini yanauma. Kwenye majiji mengi kila abiria anahitaji kadi yake. London, ukigusisha kadi ya benki unapoingia na unapotoka, mfumo unajumlisha safari zako na kuna kiwango cha juu cha kutozwa kwa siku. Lakini ukiingia kwa kadi na kutoka kwa simu yenye kadi ileile, mfumo unakuona kama watu wawili tofauti, na unatozwa vibaya. Shikilia kifaa kimoja tangu asubuhi hadi usiku. Berlin, tiketi ya karatasi hugongwa muhuri kwenye mashine ya pale jukwaani kabla ya kupanda treni, na mkaguzi hajali kwamba wewe ni mgeni. Someni maelekezo ya jiji lenu usiku wa kuamkia safari.

Kuliona jiji kwa upana hakuhitaji basi la watalii. Tafuteni chombo cha umma kinachopita mahali pazuri, mkae mwanzo hadi mwisho. Kivuko cha Staten Island pale New York ni cha bure, huchukua kama dakika 25, na kinapita mahali ambapo Sanamu ya Uhuru inaonekana. Istanbul, vivuko vya kawaida vya wafanyakazi vinavuka mlango-bahari wa Bosphorus kutoka Ulaya hadi Asia. Kaeni upande wa dirisha, mtaje kwa sauti mnachokiona na kwenye ramani kiko wapi. Saa moja ya namna hii inawapa picha ya jiji ambayo simu haiwezi kuwapa.

Hatua ya 6: Nani anaongoza?

Tazama wageni wawili wanavyotoka kwenye kituo cha chini ya ardhi. Wanafika juu ya ngazi, wanasimama palepale, kila mmoja anatoa simu. Mmoja anasema kushoto, mwingine anasema kulia, nyuma yao watu wanasukumana, na kila anayepita ameshajua kwamba hawa hawajui walipo na simu ziko mkononi.

Fanyeni hivi. Mkifika juu, endeleeni kutembea hatua kama 15 hadi ukutani au mbele ya duka. Mmoja tu atoe simu. Mwingine aweke macho kwenye mazingira: jina la mtaa, jengo refu, upande wa jua. Kama alama ya mahali mlipo inarukaruka, kosa si lenu. Majengo marefu huakisi mawimbi ya setilaiti na simu inachanganyikiwa. Tembeeni kama mita 30 mtaa wowote na muone alama inasogea kwenda upande gani. Hapo mtajua.

Uongozi uwe wa zamu, nusu siku kila mmoja. Anayeongoza anaamua njia, na asiyeongoza haruhusiwi kumkosoa njiani. Akiona wanapotea kabisa ataje jambo alilolishuhudia, mfano "nimeona mto uko nyuma yetu", kisha amwachie. Zamu ina faida kubwa kuliko amani. Anayefuata tu siku zote anarudi nyumbani akiwa hajui jiji lilivyokaa, na siku mwenzake akiugua, hawezi kwenda hata duka la dawa.

Ndani ya siku, kitu kizito kije asubuhi, kabla ya umati na kabla ya miguu kuchoka. Mchana kaeni chini mahali penye kivuli au ndani ya jengo, angalau saa nzima, hata kama mnahisi mna nguvu. Jioni iwe ya kutembea bila lengo katika mtaa mmoja. Kwa siku nzima mjini ni kawaida kutembea kilomita 12 na zaidi bila kujua, kwa hiyo viatu viwe vimeshazoea miguu yako tangu nyumbani. Vyoo visafi vitafuteni kwenye makumbusho, maktaba za umma na vituo vikubwa, na kila mnapovikuta vitumieni.

Hatua ya 7: Achaneni kwa saa chache, lakini kwa utaratibu

Hapa ndipo ningependa kila msomaji atulie. Marafiki wengi wanaona kuachana likizoni ni dalili ya ugomvi. Mimi naona ni kinga. Mmoja akitaka kutazama michoro kwa saa tatu na mwingine akitaka kuzunguka sokoni, kulazimishana kunawaharibia wote wawili. Wakiachana, wanakutana jioni kila mmoja ana la kumsimulia mwenzake, na mazungumzo yanakuwa matamu kuliko siku waliyotembea bega kwa bega.

Sharti ni kwamba mahali pa kukutana paelezwe bila utata. "Tukutane kituoni" hakutoshi. Kituo cha Shinjuku pale Tokyo kina milango zaidi ya 200. Taja mlango kwa namba au jina, taja upande, na chagua mahali penye paa ambapo mtu anaweza kusubiri bila kusumbuliwa, kama ukumbi wa maktaba au mapokezi ya hoteli. Msichague sanamu iliyo katikati ya uwanja, maana kila mtu mwingine ameichagua.

Kisha wekeni kanuni ya simu kuzima, na muiseme kila mara mnapoachana. Kwa mfano: tunakutana saa kumi, mmoja asipotokea, mwingine anasubiri dakika 30, akiendelea kukosekana, anarudi palepale saa kumi na mbili, ikishindikana tena, wote hotelini. Kila mmoja awe na jina na anwani ya hoteli kwenye karatasi, ikiandikwa pia kwa hati ya nchi ile kama ni tofauti, ili dereva wa teksi aisome.

Na kuna kuachana kusikopangwa. Mlango wa treni umefungwa, mmoja yuko ndani, mwingine amebaki jukwaani. Kanuni ni moja: aliye ndani anashuka kituo kinachofuata na kusimama palepale aliposhukia, aliyebaki anapanda treni inayofuata ya njia hiyohiyo. Asirudi mtu nyuma. Wote mkianza kutafutana, mtapishana.

Hatua ya 8: Usalama

Mambo ya kawaida yanatosha: mkoba mbele kwenye msongamano, simu isiwekwe ukingoni mwa meza, pasipoti ibaki mahali salama na kila mmoja awe na nakala ya pasipoti ya mwenzake kwenye simu. Faida ya kuwa wawili ni macho manne. Mmoja anapotoa fedha kwenye mashine au kununua tiketi, mwingine ageuke atazame watu.

Matapeli wa mijini wanafanana dunia nzima. Mmoja anakufunga bangili mkononi kisha anadai malipo. Mwingine anakupa karatasi utie sahihi huku mwenzake akipapasa mifuko. Mwingine anakwambia kwa upole kwamba mahali unapokwenda pamefungwa leo, na yeye anajua mahali pengine pazuri zaidi; nendeni hadi mlangoni mkahakikishe wenyewe. Kubalianeni neno moja la lugha yenu ambalo mmoja akilitamka, wote mnaondoka bila majadiliano.

Hifadhini namba ya dharura: 112 katika nchi za Umoja wa Ulaya, 911 Marekani na Kanada, 999 Uingereza. Bima ya safari ikateni, na namba yake iwe kwenye simu zote mbili.

Hatua ya 9: Mkikwaruzana

Mtakwaruzana. Kabla ya kujibu kwa ukali, jiulize kama mmekula, mmekunywa maji na mmekaa chini katika saa tatu zilizopita. Kama jibu ni hapana, shughulikieni hilo kwanza, na mara nyingi ugomvi unaishia hapo.

Ukiisha kula na bado kuna jambo, liseme siku hiyohiyo, chumbani, kwa maneno machache na kwa kutaja jambo lenyewe: "Kesho ningependa tuanze taratibu," wala usianze na "wewe kila siku." Kila usiku tengeni dakika kumi za kuulizana maswali mawili: leo kipi kimekufurahisha, na kesho tupunguze nini? Swali la pili ndilo linalofanya kazi, kwa sababu kila usiku mtu hutamani kuongeza.

Hatua ya 10: Siku ya mwisho

Kama mnaondoka jioni, ulizeni hoteli kama itawawekea mabegi baada ya kukabidhi chumba. Nyingi hufanya hivyo, na vituo vikubwa vya treni mara nyingi vina makabati ya kulipia. Msianze kitu kipya. Rudini kwenye mtaa mmoja mlioupenda, mkae mahali palepale, na safari hii muutazame bila ramani. Watu wengi huruka hatua hii wakikimbizana na vitu vilivyobaki kwenye orodha, nami naona wanapoteza saa nzuri kuliko zote za safari.

Kabla ya kuelekea uwanja wa ndege au kituo, fanyeni mambo matatu mkiwa bado mmekaa. Fungueni mfuko wa pamoja, mgawane kilichobaki na mlipane madeni yote hadi senti ya mwisho, maana deni dogo likisafiri hadi nyumbani huwa gumu kudaiwa. Tumianeni picha zote sasa, mkiwa na intaneti ya bure. Halafu kila mmoja akague begi la mwenzake kwa macho: chaja, dawa, miwani, pasipoti.